Gamondi Mlimani Myamba

Barabara ya kutoka Same kupitia Kisiwani hufuata ukingo wa hifadhi ya Mkomazi, na kwa mtu wa Mombasa nchi ile haina ugeni mkubwa: migunga, vumbi, mkonge, joto. Ugeni huanza gari linapoacha tambarare na kuukabili mlima. Hewa hupoa, migomba husongamana, na mashamba ya tangawizi hutokea kwenye miteremko mikali hata ukajiuliza mkulima huweka wapi mguu anapopalilia. Mamba na Myamba ndiko nyumbani kwa tangawizi ya Same, na wakulima wa huku wana ushirika na kiwanda cha kuisindika. Kwenye milima hii ya Upare kuna pia ndiva, mabwawa ya jadi ambayo hujazwa maji usiku ili mchana yafunguliwe kwenye mifereji, kila shamba kwa zamu yake. Anayeiba zamu ya mwenzake huitwa mbele ya wazee.

Zamu nilizikuta tena kijiweni.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari 2026. Benchi mbili zimewekwa chini ya upenu wa duka, viroba vya tangawizi vimepangwa vikisubiri lori, na mama mmoja anamimina chai ya tangawizi kali kutoka kwenye birika jeusi. Wapare wanaofanya kazi Dar es Salaam na Arusha hupanda nyumbani kwa Krismasi, na wengi walikuwa hawajarudi mjini. Jumapili, tarehe 4, Taifa Stars walikuwa wamefungwa bao 1–0 na wenyeji Morocco huko Rabat na kutolewa kwenye hatua ya 16 bora ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Wala hakuna aliyekuwa akilizungumzia bao lenyewe. Mjadala ulikuwa juu ya Miguel Gamondi, Mwargentina aliyeipokea timu ya taifa Novemba kama kocha wa muda, na swali lilikuwa kama anastahili kupewa kazi moja kwa moja.

Sisi barazani Mombasa tunabishana juu ya makocha pia, tena kwa sauti kubwa kuliko hawa. Kijana wa Kongowea atakusomea mataji ya Wenger na siku ambayo Manchester United walimfukuza Mourinho. Lakini watu hao hawatujui, na uamuzi wao hautufikii ila kwa kioo cha televisheni. Myamba, jina la kocha huyu lilitajwa na watu wenye madai naye. Alikuwa Yanga kuanzia katikati ya 2023 hadi Novemba 2024, na kijiweni pale kila mtu ni Yanga au Simba. Sikumwona wa tatu.

Aliyeanza ni mzee wa Yanga, mwenye koti la sufu na kofia. Alizungumza polepole, na walioketi walimngoja amalize. Alisema Gamondi alitwaa ubingwa wa 2023/24, wa 30 kwa klabu hiyo, akaongeza Kombe la Shirikisho la nchi kwa kuifunga Azam kwa penalti pale Amaan, Unguja. Aliirudisha Yanga kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ambako haikuwa imefika tangu 1998, akawapiga CR Belouizdad 4–0, akaingia robo fainali. Mbele ya Mamelodi Sundowns mechi zote mbili ziliisha bila bao, wakatolewa kwa penalti. Hapo mzee alinyanyua kidole: shuti la Aziz Ki wa Yanga kule Pretoria liligonga mwamba likadunda, na kwake yeye lilivuka mstari. Wote waliitikia kwa kichwa, hata wa Simba. Kwa hilo bao hakuna kesi, walishakubaliana.

Dar nilikuwa nimesikia utani kwamba Mpare huuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Nilichokiona kijiweni nakiheshimu. Kila dai lilitakiwa lije na mechi yake, uwanja wake na matokeo yake, na aliyekatiza alirudishwa kwa upole: "Kijana wangu, subiri, zamu yako inakuja."

Zamu ya pili ilikuwa ya dereva wa bodaboda, kijana wa Simba. Nilitarajia hasira, kwa sababu Novemba 5, 2023 Gamondi aliipiga Simba 5–1, na mashabiki wa Yanga hadi leo hunyoosha vidole vitano kama salamu. Kijana hakuukwepa mkono huo. Aliutaja mwenyewe, kisha akasema, "Shikamoo mzee, lakini huyu bwana hajengi. Yeye huhamia." Yanga alikuta nyumba ya Nasreddine Nabi, aliyeacha mataji mawili ya ligi na fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya USM Alger mwaka 2023. Na Taifa Stars pia alikuta nyumba ya mtu: Hemed Suleiman, yule wanayemwita Morocco, ndiye aliyeipeleka timu kwenye mashindano kwa kuifunga Guinea 1–0 Novemba 2024, na ndiye aliyeifikisha robo fainali ya CHAN Agosti 2025. Gamondi akapewa ufunguo mashindano yakiwa yamebakiza wiki chache.

Hoja hiyo ilikaa hewani muda mrefu. Mama wa chai, ambaye nilidhani hasikilizi, ndiye aliyeijibu. Alisema aliyekabidhiwa nyumba ya watu akaikuza, naye amejenga. Tanzania ilikwenda kwenye mashindano haya 1980, 2019 na 2023, na mara zote ilirudi nyumbani baada ya makundi. Safari hii ilivuka.

"Kwa pointi mbili, mama," alisema kijana.

Ni kweli, pointi mbili. Nigeria iliwafunga 2–1, kisha ikaja sare ya 1–1 na Uganda, nyingine ya 1–1 na Tunisia kwa bao la Feisal Salum, na kwa kuwa timu bora miongoni mwa zilizoshika nafasi ya tatu huvuka, wakavuka. Mpaka leo Tanzania haijashinda hata mechi moja ya mashindano hayo. Mechi ya Uganda ilichezwa Jumamosi, na Upare ni nchi yenye Wasabato wengi tangu wamisionari wa Kijerumani walipofika mwanzoni mwa karne iliyopita. Kwa saa za huku ilianza usiku, Sabato imeshakwisha na jua limezama, na kibanda umiza, ndivyo wanavyouita ukumbi wa mabenchi na king'amuzi, kilijaa watu waliotoka ibadani na suti zao. Penalti ya Simon Msuva iliposawazishwa, niliambiwa, ukumbi mzima ulinyamaza, Simba na Yanga bila tofauti.

Hilo ndilo lililonishika zaidi. Yule kijana wa bodaboda alimshangilia mtu aliyemfunga tano. Ilibidi amwamini benchini kwa mechi nne, halafu arudi kijiweni kuidai haki ya kumpinga. Sisi Kenya hatujawahi kuombwa jambo gumu namna hiyo, kwa sababu wengi wetu hatukumjua kocha wetu kabla hajavaa jezi ya taifa. Hakuwa amemuumiza mtu yeyote maskani kwetu.

Mzee alirudi kwa zamu yake na jambo moja tu. Msimu wa 2024/25 Gamondi alianza ligi kwa kushinda mechi nane bila kuruhusu bao. Kisha Azam wakamfunga 1–0, Tabora United wakamfunga 3–1, na Yanga wakamfungashia virago. Mechi mbili. Mwaka uliofuata alikwenda Singida Black Stars na mnamo Septemba 2025 akawapa Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan. Mzee wa Yanga, na uzalendo wake wote kwa klabu, alisema viongozi wake walikosea. Kijana wa Simba alikubali haraka sana, wakacheka wote.

Walipojua natoka Mombasa waliniuliza habari za Ben Mwalala. Swali lilinigusa. Mzee alimkumbuka Mkenya huyo kwa bao lililoipa Yanga ushindi wa 1–0 dhidi ya Simba Oktoba 2008, na kijana alimkumbuka kwa sababu Januari 2019, akiwa kocha wa Bandari yetu, aliitoa Simba 2–1 kwenye nusu fainali ya Kombe la SportPesa pale Dar. Mwaka huohuo Bandari walichukua Ngao ya Kenya. Kwetu, ukitembea kutoka Mbaraki hadi Mwembe Tayari, utapita watu wengi wenye jezi za Arsenal kabla hujampata mmoja wa kukuhadithia hilo. Nasema hivyo kwa uchungu, maana Mbaraki, kwa Bandari, ni umbali wa matatu moja, na London sijui ni wapi.

Kisha zamu ikawa yangu. Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika pamoja, na walitaka kujua sisi tuna nani benchini. Nikamtaja Benni McCarthy. Mzee akauliza rekodi yake. Nikaanza na Manchester United, alikokuwa akifundisha washambuliaji, na kijana akanizuia: hiyo si rekodi ya kocha mkuu. AmaZulu je? Ndipo wenyewe wakaieleza: nafasi ya pili ligi ya Afrika Kusini 2020/21, kisha TP Mazembe kutolewa kwenye Ligi ya Mabingwa. "Huyo anajua kujenga," akasema kijana. Mama wa chai akataka kujua kama ameshafungwa tano na mtu, na lori la tangawizi lilifika kabla hawajaafikiana.