Neno "Inadaiwa" na Kalamu Yangu Nyekundu



Majuma machache yaliyopita nililetewa ujumbe na kijana niliyemfundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, ambaye sasa ni mwandishi wa habari na anasomea shahada ya uzamili nchini Uingereza. Aliandika hivi: "Shikamoo Mwalimu. Huku tunasomeshwa nadharia isemayo kwamba gazeti, hata likiwa huru namna gani, lina deni kwa jamii. Nitakaporudi nataka niwaeleze wenzangu kwa Kiswahili. Niite wajibu, dhima, au uwajibikaji?"

Nilikaa na swali hilo siku tatu kabla ya kujibu. Sababu ya kukawia haikuwa kukosa kamusi. Ni kwamba deni hilo analolitafutia jina, mimi nami ninadaiwa.

Kijana huyu alinijia hapa Msasani jioni moja akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa anaomba ufadhili wa Chevening, ule wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, na alihitaji watu wawili wa kumdhamini kwa barua. Masharti aliyajua kwa moyo: uwe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili, uandike insha za kujieleza, na ukimaliza masomo urudi kwenu na kukaa miaka isiyopungua miwili. Alinipa insha yake niisome. Aya ya pili ilisema kwamba alimdhuru mtu kwa kalamu, na kwamba ndiyo sababu anataka kusoma.

Niliijua habari yenyewe. Mtaani kwetu, karibu na pwani wanakotia nanga wavuvi, alikuwapo kijana mmoja mvuvi aliyekamatwa kwa tuhuma za kuiba mashine ya boti. Asubuhi iliyofuata picha yake ilikuwa gazetini, na juu yake kichwa cha habari kwa herufi nene kilimwita mwizi. Baada ya siku chache mashine ilionekana. Ndugu wa mwenye boti alikuwa ameiweka rehani bila kusema. Kijana akaachiwa pasipo kushtakiwa. Gazeti halikuandika tena neno hata moja. Mama yake alikuwa akiuza vitumbua asubuhi. Wateja wakapungua mmoja mmoja, bila ugomvi na bila maelezo. Kijana mwenyewe alihamia Kilwa, na mpaka leo haji mtaani ila usiku.

Aliyeandika habari ile ndiye huyu aliyeketi barazani kwangu.

Nilimwuliza kwa nini hakuandika "anadaiwa kuiba". Alinitazama kwa adabu, akasema: "Mwalimu, neno hilo wewe ulikuwa unalikata."

Nami nikakumbuka. Kwa miaka mingi nilisahihisha insha kwa kalamu nyekundu, na kila nilipokuta "inasemekana", "inadaiwa" au "yasemekana kuwa", nilipiga mstari na kuandika pembeni: neno dhaifu, sema wazi. Nilitaka sentensi zenye uti wa mgongo. Chuo cha ualimu kilinifunza kwamba mwanafunzi akijificha nyuma ya "inasemekana" hajafikiri. Ni kweli katika insha ya darasani. Lakini sikuwaambia kamwe kwamba liko pahala ambapo neno hilo ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa kuwa linamlinda mtu ambaye hana gazeti la kujibia.

Kiswahili chetu hakina upungufu hapa. Tunaye mshukiwa, ambaye watu wanamdhania tu. Tunaye mtuhumiwa, ambaye ametajwa kwa kosa. Tunaye mshtakiwa, aliyefikishwa mahakamani. Tunaye mfungwa, aliyehukumiwa kwenda gerezani. Mhalifu ni yule ambaye kosa lake limethibitika. Hiyo ni ngazi, na kila kipandio kina jina lake. Mwandishi anayeruka kutoka kipandio cha kwanza hadi cha mwisho hana hoja ya kusema lugha ilimpungukia.

Jioni ile nilimwambia kwamba barua nitaiandika, ila kwanza twende kwa mama muuza vitumbua. Tulikwenda siku ya pili baada ya sala ya alasiri. Kijana alisema yote, hakujitetea, wala hakutaja kalamu yangu. Niliitaja mwenyewe. Mama alisikiliza huku akiosha mchele wa kuloweka. Mwisho akasema: "Mimi nimesikia, wanangu. Waliosoma gazeti watasikia lini?" Hatukuwa na jibu. Akatufungia vitumbua sita, akakataa pesa. Sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule.

Baadhi ya majirani walinihoji: je, ni lazima kijana apande ndege ili akajifunze kutomwita mtu mwizi? Ni swali la haki. Nchini tunavyo vyuo. Shule ya Uandishi wa Habari Tanzania ilianzishwa mwaka 1975, na leo fani hiyo ina nyumba yake ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kule Mwanza, Nyegezi ilikuwa ikifunza waandishi kabla yake. Tunalo pia Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995 na wanahabari wenyewe na kuanza kazi mwaka 1997, ambalo husikiliza malalamiko ya aliyeumizwa na habari na kutafuta suluhu bila kumpeleka mahakamani. Yule mama hakujua kwamba mlango huo upo. Mimi niliyesoma nilijua, na sikumwambia kwa wakati. Hilo nalo liko katika hesabu yangu.

Hata hivyo safari ya elimu ya mbali si jambo geni kwetu. Benjamin Mkapa, kabla hajawa mhariri wa The Nationalist mwaka 1966 na baadaye Rais wa Jamhuri, alitoka Makerere akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Dkt. Ayub Rioba alikwenda Tampere, Finland, na tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 2012 ilichunguza jambo la nyumbani kabisa: iwapo vyombo vya habari vya Tanzania ya vyama vingi vinaweza kujisimamia vyenyewe kimaadili. Miaka michache baadaye alikabidhiwa kuliongoza Shirika la Utangazaji Tanzania. Mfano wake ndio niliomtolea kijana wangu. Alikwenda mbali ili ayatazame ya kwao kwa utulivu, kama mtu anayerudi nyuma hatua kadhaa ili aione nyumba yake yote. Mwandishi anayekimbizana na saa ya kufunga gazeti kila jioni hapati nafasi hiyo.

Nadharia aliyoniulizia nayo ina historia. Mwaka 1947, Marekani, tume iliyoongozwa na Robert Hutchins wa Chuo Kikuu cha Chicago ilitoa ripoti kwamba uhuru wa magazeti hauwezi kudumu ukitengana na dhamana yake kwa umma, na kwamba habari za siku zielezwe kwa ukweli na katika muktadha unaozipa maana. Gharama za tume zilitolewa kwa sehemu kubwa na mwenye magazeti, Henry Luce. Kumbe hata wao ilibidi watu waketi na kuliuliza jambo hili kwa sauti.

Basi nilimjibu hivi. "Wajibu" ni jambo lililo lazima, nalo ni neno jema, ila tumelitumia sana katika hotuba hata makali yake yamekwisha. "Uwajibikaji" limeota mkia. Watu wa rika langu wakitaka mfano wa kuwajibika humtaja Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyejiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya mauaji ya watuhumiwa Shinyanga, ingawa mkono wake haukuwa humo. Ni mfano mtukufu. Lakini siku hizi "kumwajibisha" mtu ni kumwadhibu, na neno limeegemea upande wa baada ya kosa. "Dhima" ni mzigo ulio begani kabla hujaandika herufi ya kwanza, uwepo msimamizi au asiwepo. Nikamshauri achague dhima.

Alijibu kwa mstari mmoja: "Ahsante Mwalimu. Nikirudi nitaanzia kwa mama." Nami nimekwisha kumwambia mama. Hakusema kitu, lakini aliuliza mwezi gani.

Kwa kuwa ukumbi huu ni wa mashairi, nawaachia ubeti mmoja niliomtumia kijana abandike juu ya meza yake. Ni masahihisho yangu, yaliyochelewa, ya insha zote zile nilizozikata:

Kalamu ina maneno, na maneno yana sumu,
Yauma kuliko meno, jeraha lake hudumu,
Mtu kushikwa mkono, hiyo bado si hukumu,
Pima kwanza lako neno, ndipo ushike kalamu.

Walimu wenzangu mnaosahihisha bado, msilikate "inadaiwa" kabla hamjauliza linamlinda nani.