Drafti au bao? Nimesalimu amri!

Kijiweni kwetu Nkuhungu, chini ya mwarobaini, juzi hakukuwa na Simba wala Yanga. Ugomvi ulikuwa mmoja tu: mchezo upi ni kiboko ya yote?

Mimi ni mtu wa drafti, nisikufiche. Vizibo vya soda 12 huku, 12 kule, ukipata kingi kelele mtaa mzima! Wa karata nao wakaja juu. Mshikaji mmoja akatetea bao, eti hata Mwalimu Nyerere alilipenda. Nikacheka. Mashimo 32, kete 64, ya nini kuumiza kichwa? Huo mchezo wa wazee bwana!

Kumbe baba mdogo ananisikia. Yeye alipofuka kwa vikope, ugonjwa uliotesa wengi huku Dodoma.

"Mwanangu, lete hiyo drafti tucheze."

Nikabaki kimya. Atajuaje vizibo vyake na vyangu?

"Basi lete bao."

Nikakaa kwa dharau. Vidole vyake vikapapasa mashimo, vikapima kete. Akanamua, akalinda nyumba yake, akanila, akanila tena, mpaka mstari wangu wa mbele ukabaki mtupu. Kijiwe kikalipuka!

Mzee akacheka. Aibu ikanishika: tangu macho yaondoke, nilikuwa namwamkia tu na kupita.

Siku hizi jioni niko mkekani kwake. Bado ananifunga. Drafti tamu, sikatai, lakini bao ndilo lililonirudishia baba mdogo. We unasemaje?