Umeangalia Maji?

Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimeishi nayo tangu darasa la nne. Nimeitungia insha, nimeijibia maswali mtihanini, na nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu niliwafafanulia wanafunzi wa kidato cha pili maana yake ya juu na maana yake ya ndani, nikatoka darasani kifua mbele kama mlumbi aliyeshinda baraza. Kumbe nilikuwa kasuku tu. Aliyenifunza maana ya methali hiyo hakuwa mhadhiri wala kamusi. Lilikuwa ni gari la nyumbani kwetu.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 nyeupe yenye safu tatu za viti. Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alilinunua likiwa kuukuu mwaka wa 1999 kwa mkopo wa chama cha ushirika, nami wakati huo nikiwa mtoto wa mbeleko. Huenda baadhi ya wasomaji wasilitambue, lakini waulizeni wazee wenu. Gari la aina hiyo lilianza kuuzwa Ufaransa mwaka wa 1968, likashinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975, na kwa miaka mingi liliunganishwa papa hapa nchini, mjini Mombasa. Ndilo lililokuwa teksi ya masafa marefu kabla ya matatu ndogo kutapakaa kila pembe. Leo yameadimika, na yaliyosalia yanasalia kwa sababu kuna mtu mahali fulani anayeyatunza.

Kwetu ni Taita, katika kijiji kilichojishikiza mteremkoni baina ya Mwatate na Wundanyi. Mji wa Voi ulioko bondeni haufiki mita 600 juu ya usawa wa bahari, ilhali Wundanyi unapita mita 1,300. Barabara inayopanda huko ni kona juu ya kona, mkono mmoja mwamba, mkono wa pili bonde. Baba alizoea kusema kwamba mtu wa tambarare hutunza gari lake, bali mtu wa milimani hutunza roho za watu. Wala hakuwa akitia chumvi. Gari lile lilipeleka kabichi na nyanya za Mama sokoni, lilipeleka maharusi kanisani, na mara si haba lilirudisha maiti nyumbani kutoka mjini. Kijijini hakuna aliyeliita gari la familia yetu. Wote waliliita gari la Mwalimu, na Mwalimu alikuwa wa kila mtu.

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda, Baba alinituma kisimani na mtungi wa lita 20. Gari lilioshwa kivulini, kwa kuwa jua hukausha povu upesi likaacha madoa. Alianzia paani akishuka chini, ili mchanga wa magurudumu usije ukapandishwa kwa kitambaa ukakwaruza rangi. Uvungu haukusahaulika: tope lililogandamana huko huficha unyevu, na unyevu huzaa kutu. Tukitoka Mombasa uvungu ulioshwa siku hiyo hiyo, kwani chumvi ya pwani haina subira.

Baada ya kuosha, boneti lilifunguliwa, nami kifungua mimba wake nikasimama kando yake. Majirani walinong'ona kwamba Mwalimu anamharibu binti kwa kumshikisha spana. Baba hakuwajibu. Alinifundisha kupima oili gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa kwa dakika kadhaa, ili oili yote ishuke chini. Alinifundisha kupima upepo wa magurudumu yangali baridi, kwa sababu mwendo huyapasha joto na kipimo kikadanganya. Alinifundisha kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, na yakishaingia maji huchemka katika mteremko mrefu, kanyagio likazama kama mguu katika tope. Kwa hiyo aliyabadilisha kila baada ya miaka miwili, na hata hivyo hakuyategemea peke yake. "Gia uliyopandia ndiyo utakayoteremkia," alisema, ili injini yenyewe ilizuie gari na breki zipate kupumua.

Lakini somo alilolikariri kuliko yote ni la maji ya rejeta. Kwa kila mita 300 hivi tunazopanda, maji huchemka kwa joto lililopungua takribani digrii moja. Ndiyo sababu rejeta hufungwa kwa kifuniko maalumu: shinikizo la ndani huyawezesha maji kustahimili joto zaidi bila kuchemka. Ukikifungua injini ikiwa moto, shinikizo huondoka ghafla na maji hukurukia usoni. Maji matupu ya kijito hayakumridhisha Baba, kwa kuwa huleta kutu na magamba ndani ya mishipa ya injini. Alichanganya na dawa ya rejeta, ile yenye harufu tamu. Na kila asubuhi kabla ya safari, hata iwe ya kwenda dukani tu, aliuliza swali moja: "Umeangalia maji?"

Mwaka wa 2021 Baba alipoteza uwezo wa kuona. Ugonjwa wa presha ya macho ulikuwa umemnyemelea kwa miaka mingi bila maumivu yoyote, ukimla pembezoni mwa macho kwanza, hata alipotambua, kilichokwisha kupotea kilikuwa hakirudi tena. Siku aliponikabidhi ufunguo, alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, kuanzia leo wewe ndiwe macho yangu." Niliitikia. Kuitikia ni rahisi.

Desemba ya 2024 nilirudi nyumbani kwa likizo nikiwa na pendekezo la utafiti ambalo msimamizi wangu alilitaka kabla ya mwaka mpya. Nilikesha na kuamka nalo. Jumatano ya wiki ya pili niliona chini ya gari kitone cha maji kisichozidi ukubwa wa sarafu. Niliinama, nikaona kwamba mpira wa chini wa rejeta ulikuwa unavuja penye klipu. Nikajiambia nitakaza kesho. Asubuhi ya Alhamisi Baba alikuwa kibarazani na fimbo yake. Akauliza, "Umeangalia maji?" Nikajibu, "Nimeangalia, Baba." Ijumaa akauliza tena, nikajibu vivyo hivyo. Jumamosi akauliza mara ya tatu, nami nikamjibu bila hata kuinua uso kutoka kwenye karatasi zangu.

Usiku wa kuamkia Jumapili, yapata saa nane, mlango ulibishwa kwa kishindo. Alikuwa jirani yetu. Mkewe ameshikwa na uchungu kabla ya wakati, anavuja damu, na hospitali iko juu mlimani. Niliruka kitandani, nikachukua ufunguo. Baba aliniita jina kutoka chumbani mwake. Sikungoja kusikia alichotaka kusema, maana nilikijua.

Tulipanda kona ya kwanza salama. Katika ya pili niliona mshale wa kipimajoto ukipanda. Katika ya tatu ulikuwa umeingia penye wekundu. Nilijua wajibu wangu: kusimama, kuzima, kungoja injini ipoe. Lakini nyuma yangu palikuwa na mwanamke anayeng'ang'ania kiti kwa kucha na kuita jina la mamaye. Nikakanyaga mafuta. Hatukufika mbali. Mvuke ulifuka kutoka chini ya boneti, injini ikakohoa, ikatulia. Kukawa kimya, isipokuwa kilio chake.

Tulikaa pale dakika 40, mume wake akipiga simu huku na huku, mimi nikimwekea mkewe jiwe nyuma ya gurudumu asihofu kwamba tutarudi nyuma. Hatimaye teksi iliyoitwa kutoka Mwatate ikatufikia, tukamhamisha. Alijifungua mtoto wa kike dakika chache baada ya kuingia hospitalini, na kwa rehema za Mungu mama na mwana walinusurika. Kulipopambazuka, yule bwana alinipa mkono akasema, "Usijilaumu, dada. Gari ni chuma, na chuma huharibika." Maneno yake yalikuwa ya wema, nayo yalinichoma kuliko tusi, kwa kuwa hayakuwa kweli.

Gari lilivutwa hadi nyumbani. Fundi alichomoa kijiti cha kupimia oili, nayo ikatoka na rangi ya chai ya maziwa, ishara kwamba gasketi ya kichwa cha injini imeungua na maji yameingia katika oili. Kichwa chenyewe, ambacho ni cha alumini, kilikuwa kimepinda kwa joto na ilibidi kipelekwe kusawazishwa kwa mashine. Baba aliomba kile kijiti. Akapitisha oili baina ya kidole gumba na cha shahada, akanusa, akakirudisha bila neno. Gharama yote ilifika shilingi 43,000. Klipu ambayo ningeibadilisha Jumatano ni shilingi 150. Mama aliuza mtamba aliyekuwa akimtunzia karo ya mdogo wangu.

Jioni nilikwenda kibarazani, nikapiga magoti, nikamweleza Baba kila kitu: kile kitone, ile klipu, na majibu yangu matatu. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Najua. Tangu Alhamisi nilisikia harufu tamu ya dawa ya rejeta kila nilipopita hapo uani."

"Mbona hukuniambia, Baba?"

"Nilikuuliza mara tatu. Macho yangu yaliponijibu kwamba yameangalia, pua yangu ni nani hata ibishe?"

Sikuwa na jibu. Sijawa nalo hadi leo.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana kuhusu neno kutunza. Tunalitamka kana kwamba ni kazi ya mikono, ya ndoo na kitambaa na spana. Lakini gari linalong'aa barabarani halimwambii mtu lolote kuhusu maji yake. Sehemu kubwa ya utunzaji hufanyika chini ya boneti, mahali ambapo hakuna shahidi, na abiria hana budi kulitegemea neno la aliyefungua akaangalia. Yule mama alipoingia garini usiku ule hakupanda chuma. Alipanda neno langu, na neno langu lilikuwa limetoboka.

Wanachama wenzangu, katika kumbi zetu za mihadhara hatuchoki kukariri kwamba lugha ni chombo. Aghalabu tunaishia hapo, kana kwamba chombo hujitunza chenyewe. Nasi pia tuna mihuri yetu ya "nimeangalia": mwalimu anayepiga tiki insha asiyoisoma, mtafiti anayemtaja msemaji ambaye hakumsikiliza, mhariri anayeidhinisha ukurasa aliouruka. Hakuna atakayetuona. Lakini yuko mwanafunzi mahali fulani atakayepanda mlima kwa chombo hicho usiku, akiamini kwamba tuliangalia.

Gari la Mwalimu lilipona na lingali linapanda. Mtoto aliyezaliwa alfajiri ile ameanza kutembea, na mamaye humleta kwetu Jumamosi apate kuchezea povu. Niwapo nyumbani, Baba huketi kando yangu ninapoosha, nami humwelekeza mkono wake juu ya kila mpira na kila klipu, aguse mwenyewe. Haniombi kufanya hivyo. Nafanya kwa kuwa deni la uongo halilipwi kwa maneno.

Juma lililopita nilimpigia simu kumwarifu kwamba nimemaliza sura ya tatu ya tasnifu na kwamba keshoye naiwasilisha kwa msimamizi. Alinipongeza, akanitakia heri. Kisha, kabla ya kukata simu, akaniuliza lile swali lake.

Nilifungua sura ile upya, nikaanza kusoma kutoka ukurasa wa kwanza. Niliiwasilisha siku nne baadaye.