Sanduku la Chai

Kwa miaka mingi kikundi chetu hakikuwa na jina. Watu wa Ng'ambo ya Unguja wakiwa na harusi walisema tu, "Mwiteni yule wa fidla," na yule wa fidla alikuwa ami yangu. Sisi wengine tulifuatana naye kama mkia na paka. Nilianza mwaka 1989, nikiwa bado skuli, kwa kutikisa cherewa. Baada ya miaka miwili mpiga sanduku wetu akapata kazi melini, nami nikakabidhiwa sanduku. Sijaliacha mpaka leo.

Tulipiga kidumbak. Asiyekijua atakwambia ni taarab ya maskini, na hajakosea sana. Taarab ya ukumbini ina Nadi Ikhwan Safaa tangu 1905, ina kanuni na udi, ina wanaume waliovaa suti na viti vilivyopangwa safu. Sisi tulikuwa na fidla moja, vidumbak viwili, mkwasa, cherewa na sanduku. Nyimbo nyingi zilikuwa zilezile za wakubwa, ila tulizitia moto. Wapo waliokaa pande zote mbili bila taabu: Makame Faki, yule Sauti ya Zege, aliimba Culture Musical Club na huku kwenye kidumbak alikuwa mfalme. Ami hakutaka klabu. Klabu ina kamati, alikuwa akisema, na kamati ina vikao.

Sanduku lenyewe lilikuwa la chai kweli, la mbao nyembamba, kona zimekazwa kwa bati. Unalifudikiza, unalikanyaga kwa mguu mmoja lisitembee. Katikati kuna tundu, na mshipi wa kuvulia samaki unatoka tunduni kwenda juu ya fimbo iliyosimamishwa ukingoni. Ukiisukuma fimbo mbele, mshipi unakaza na sauti inapanda; ukiilegeza, inashuka hadi unaisikia tumboni. Hakuna alama popote ya kukuonesha noti ilipo. Miezi mitatu ya mwanzo kidole changu cha shahada kilikuwa kidonda, na shangazi alinipaka mafuta ya karafuu huku akiuliza kama nimekosa ala yenye adabu.

Harusini tulikaa chini, juu ya mkeka. Kwanza huwashwa moto wa makuti pembeni, vidumbak vipashwe ngozi zikaze. Kisha ami anaanza taratibu, wimbo wa kistaarabu, wanawake bado wamekaa na buibui zao. Wimbo wa pili unaingia kabla wa kwanza haujatoka, mwendo unazidi kidogo, mmoja anainuka na kufunga kanga kiunoni. Ukifika wa nne duara limeshakamilika na viuno vinajibu vidumbak. Hatukuwa na mwisho wa wimbo. Ami alikuwa akikunja kiwiko namna fulani, nasi tukajua anahamia wapi. Tulinyamaza wachezaji walipochoka, si kabla.

Malipo yaligawanywa usiku uleule, kwa mwanga wa tochi. Kila mtu fungu moja, fidla mafungu mawili, kwa sababu nyuzi zake zilikuwa ghali na hazipatikani. Fedha za kutunza zilikuwa za mwimbaji, ila zikizidi alitununulia urojo. Huo ndio uliokuwa uhuru wetu: hatukuwa na mfadhili, wala chama, wala deni.

Miaka ya 1990 ikaja rusha roho. East African Melody na wenzao walikuja na vinanda na maspika, na mpashano ulioweza kusikika mtaa wa tatu. Sitasema muziki ule ni mbaya, maana nami niliucheza. Lakini bibi harusi aliyekodiwa kinanda alionekana kaozwa kweli, na aliyepigiwa sanduku alionewa huruma. Kuna mwaka tuliitwa harusi tatu tu. Juu ya hayo sanduku langu likapasuka, na chai siku hizo ilishaanza kuja kwenye mifuko ya karatasi. Seremala akaniundia jingine la plaiwudi nene. Zuri kwa macho, lakini ukilipiga ni kama unabisha hodi nyumba isiyo na watu.

Umeme ndio uliotuokoa, kwa kukatika. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima, na Desemba 2009 ukakatika tena hadi Machi 2010. Mabomba yalikauka, samaki waliozea kwenye mafriji, na vinanda vikawa meza. Majenereta yaliunguruma madukani mjini, lakini baba wa Ng'ambo mwenye binti wa kuoza anunue petroli ya kinanda au mchele wa biriani? Wakamkumbuka yule wa fidla. Tulipiga hadi wiki yenye shughuli nne, kwa mwanga wa karabai, na wasichana waliozaliwa wakati wa rusha roho waliwauliza mama zao ngoma gani hii.

Nuru iliporudi, maombi yakapungua tena, lakini sasa kuna waliotusikia. Tukaitwa kupiga Ngome Kongwe, kwenye jukwaa. Fomu ilitaka jina la kikundi, ndipo tukapata moja. Silitaji kwa kuwa hata sisi hatujalizoea. Fundi wa sauti alilizunguka sanduku langu mara mbili akitafuta pa kuchomeka waya. Mwishowe akakivisha kipaza sauti soksi, akakitumbukiza ndani.

Tulipewa dakika 40. Harusini kwa dakika 40 ndiyo kwanza duara linakamilika. Watu walikuwa wamekaa vitini, wanatutazama, wanangoja tumalize wapige makofi, nasi hatumalizi. Taa zikawashwa na kuzimwa. Ami akakunja kiwiko, akaingia wimbo mwingine. Ilibidi mtangazaji aje amshike bega.

Tulipoitwa mara ya pili tulifanya mazoezi wiki nzima ya kunyamaza. Ami alichukia kila dakika yake. "Kupiga nilifundishwa na baba," alisema, "huku kukata nimefundishwa na saa ya mtu."

Alifariki mwaka 2016. Fidla sasa anapiga msichana aliyesoma kwenye chuo cha muziki kilichofunguliwa 2002 katika jengo la zamani la forodha. Anasoma noti. Siku ya kwanza aliniuliza, "Ami, kipande cha mwisho kinaanzia wapi?" Nami, niliyekuwa mtoto wa cherewa, sasa ndiye ami, na sikuwa na jibu.

Mwaka jana tulipiga harusi Jang'ombe. Wimbo wa tatu ulipofika pale tunapoukatia jukwaani, mguu wangu ukabana, nikapiga ule mshindo wa mwisho, na vidumbak vikanyamaza nami. Uwanja ukawa kimya. Mama mmoja mnene, kanga kiunoni, kiuno kimesimama nusu ya safari, akanigeukia.

"Kulikoni? Sanduku limepasuka?"

Msichana wa fidla aliangua kicheko, akakunja kiwiko, na kabla sijairudisha fimbo alishaingia wimbo wa nne.