Tundu Dogo Chini ya Mlango wa Sidii

Mwaka 2009 nilikuwa kijana wa steshenari pale Mwanga, Kigoma. Nilitoa fotokopi, nilichapa barua za kuomba kazi na nilichoma sidii. Kigoma ilikuwa bado nje ya gridi ya Taifa, tukitegemea majenereta ya dizeli. Feni ikianza kuzunguka pole pole, ulijua kazi imekwisha.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja kutoka Mwamgongo, kijiji cha ufukweni kaskazini mwa Gombe. Alikuwa na sidii ya harusi ya binti yake, ameiviringisha ndani ya khanga. Binti alikwisha kufariki. Alitaka nakala moja kwa ajili ya wakwe, Ujiji. Nikaiingiza kwenye kompyuta, na kabla haijafika nusu umeme ukakatika. Nikabonyeza kitufe cha mlango. Kimya. Boti yake ilikuwa inamsubiri ufukweni Kibirizi.

"Siwezi kuondoka nikamwacha mwanangu humo ndani," akasema.

Nikashika bisibisi nikenue mlango. Fundi redio wa jirani, mzee wa Ujiji, akanizuia mkono. "Utaivunja, mwanangu. Nipe kibanio cha karatasi."

Akakinyoosha, akachomoa waya wa kompyuta ukutani, kisha akanionyesha kitu nilichokuwa nikikitazama kila siku bila kukiona: tundu dogo, upana wa kichwa cha njiti hata haufiki, chini ya mlango wa sidii. Akaingiza waya ukiwa umenyooka sawasawa, bila kuupinda, mpaka ukagonga kitu. Akasukuma. Mlango ukatoka kama upana wa kidole, akauvuta uliobaki kwa mkono.

Alinieleza kwamba kitufe hakifungui chochote. Kinaiomba tu mota ndogo iusogeze mlango, na mota bila umeme ni chuma tu. Tundu linapita kando ya mota, linafika kwenye komeo lenyewe la mlango na kuliachia. Ila sharti sidii iwe imeacha kuzunguka, ndiyo maana alichomoa waya kwanza, umeme usije ukarudi ghafla.

Mama aliipokea sidii kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo kibanio kilichonyooshwa kilining'inia ukutani kwangu, na sikumbuki wiki iliyopita bila kukishika. Mwaka 2012, wasanii wa Kigoma All Stars walipotoa wimbo wa "Leka Dutigite", bado nilikuwa nachoma sidii. Kisha zikaingia flashi. Moja ya gigabaiti 8 ilibeba zaidi ya sidii 10. Kisha simu. Laptopu mpya zikaanza kuja bila mlango wa sidii, na tundu likaenda na mlango wake.

Sililii sidii: zilichubuka kwa mchanga, na za kuchoma zilififia kwa jua. Nalikumbuka tundu. Aliyelibuni alimfikiria mtu aliyekatikiwa na umeme, akamwachia njia ya kuchukua kilicho chake. Simu yangu ikizimika leo, picha zangu zimo ndani na sina pa kuingiza waya.

Kama bado una sidii ya harusi au ya mazishi kabatini, itafutie kompyuta yenye mlango wiki hii uihamishe. Umeme ukikatika katikati, chomoa waya, subiri kidogo, kisha tafuta tundu.