Bao Katika Karatasi

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na watu wa pwani hawakujifunza bao kwa kitabu. Mtoto huketi barazani nyuma ya wazee, akatazama, akakemewa, mpaka akajua. Ndivyo tulivyojifunza sisi. Basi tulipoanza kuandika kijitabu cha sheria zake, jioni baada ya kazi za ofisi, tulidhani kitakwisha kwa wiki moja.

Tuliwapa vijana wawili wa sekondari wasiojua bao, wacheze kwa kufuata maandishi tu, nasi tukanyamaza (jambo gumu kwa mchezaji wa bao!). Kupanga kete hakukuwasumbua: 6 katika nyumba, 2 na 2 katika mashimo mawili ya kuume kwake, na 22 za kunamua mkononi. Walikwama pale mchezaji aliyekula alipoishia katika nyumba yake. Je, alale au asafiri? Tulikuwa tumeandika kwamba huendelea. Kumbe hapo ana hiari, na hiari hiyo ndiyo roho ya namua. Tumeitumia miaka arobaini pasipo kuitamka.

Tukamwendea mzee aliyetufunza, fundi wa bao. Akacheka, akakataa kueleza kwa maneno, akatandika mkeka. Alitufunga mara tatu, na kila tulipofungwa tuliandika mstari mpya.

Sasa habari za nyumba peke yake zimejaza kurasa 11. Mchapaji ameomba zipunguzwe. Tumekataa.