Kuta za Makwacha, na ukuta wa kwetu

Ukipita Katuba, Kenya, Ruashi, au mbali zaidi kule viwanja vipya vinapouzwa, utaona jambo moja katika lupango baada ya lupango. Nyumba imesimama, manjanja yako juu, mlango una kufuli, watu wanakaa ndani miaka na miaka, lakini ukuta ungali matofali matupu. Ukiuliza, mama atakujibu: "Tungali tunajenga." Jibu hilo ni la kweli. Mfuko wa simenti una bei yake, masomo ya watoto yana bei yake, na bukari ya leo haingoji. Basi lipu inangoja feza, rangi inangoja lipu, na mapambo yanangoja rangi. Watoto tu ndio hawangoji. Mtoto aliyezaliwa mwaka tulioinua ukuta, leo anasoma gazeti hili peke yake.

Kwa hiyo nilifurahi kundi letu lilipokata shauri kwenda Makwacha siku moja ya posho, mwezi wa saba. Wengi wenu mmesikia jina hilo. Ni kijiji katika nchi ya Walamba, si mbali na Lubumbashi. Unatoka asubuhi na jioni umerudi kupika. Kila mwaka wakati wa kiangazi, wamama wa kule wanapamba kuta za nyumba zao kwa rangi za udongo, kila mama kwa mkono wake. Wasanii wa mjini wanakijua kijiji hiki, na wageni wanafika na vyombo vyao vya kupiga picha. Sisi tulikwenda na maswali ya wamama: udongo unatoka wapi, kazi inaanzia wapi, na watoto wakati huo wanakaa wapi.

Njiani tulipishana na vijana wa makala. Wanasukuma baiskeli zilizobeba mifuko mirefu kupita kichwa cha mtu, vumbi limewajaa nyusi. Miti mingi iliyokuwa karibu na mji imekwisha kuwa makala ya kupikia chakula chetu, na kila mmoja wetu ana mfuko nyumbani, basi katika bisi hakuna aliyelaumu mtu. Kisha mji unakwisha na vichuguu vinaanza. Katanga ni nchi ya vichuguu. Vingine vinapita urefu wa nyumba, na mti umeota juu yake. Udongo wake unashikamana vizuri, ndiyo maana matofali mengi ya mji wetu yanatoka humo. Nyumba zetu nyingi, ukifikiri vizuri, ni kichuguu kilichopita motoni.

Kijijini, kitu cha kwanza nilichoona ni miguu ya nyumba. Sehemu ya chini ya ukuta, karibu na ardhi, imepakwa rangi nzito ya giza. Mgeni anatazama maua yaliyo juu. Mama anayefua nguo za watoto anaelewa mara moja kwa nini chini kuna giza: hapo ndipo matone yanaruka na matope, hapo kuku wanajisugua, hapo mtoto anaegemeza mguu akingoja chakula. Juu ya mstari huo ukuta unakuwa mweupe au wa manjano, na michoro inaanza. Majani, ndege, watu, mistari ya kwenda na kurudi kama ile ya kikapu. Nyumba moja, dirisha lake dogo limezungushiwa petali nyekundu hata dirisha lenyewe limekuwa ua. Jirani hakutaka ua hata moja. Kwake ni mistari tu, imenyoka sana, na nakiri kwamba mimi nilipenda ya huyo kuliko zote.

Rangi hainunuliwi dukani. Nyeupe ni pemba, ile ile tunayoiona sokoni imekatwa vipande. Nyekundu na manjano ni udongo wa mahali mahali, na wenyeji wanajua mahali pake kama sisi tunavyojua nani anauza samaki wazuri. Nyeusi inatoka kwa makala, kijivu kwa majivu. Unasaga, unachuja, unachanganya na maji. Unapaka kwa kiganja, kwa kitambaa, kwa kijiti kilichotafunwa ncha, kwa kidole.

Lakini sehemu kubwa ya kazi si kuchora. Hilo nilitaka mlijue, sababu picha za wageni hazionyeshi. Kwanza mama anatazama ukuta mvua ilivyouacha. Anaziba nyufa na matundu, anaongeza udongo pale ulipodondoka, analainisha kwa mkono wenye maji, anaacha ukauke, anarudia. Ni kazi ya kutunza nyumba, sawa na kufagia kiwanja au kutandaza mkeka upya, na mapambo yanakuja mwishoni kama chumvi. Mama akichora ua juu ya ukuta, ujue ameshaugusa ukuta ule wote, kila kipande, na anajua wapi ni dhaifu. Sijui fundi wa mjini anayejua nyumba ya mtu namna hiyo.

Na watoto? Wako pale pale. Wakubwa wanachota maji na kusaga, wasichana wanajaza rangi ndani ya mstari uliokwisha kuchorwa, na wadogo wanapewa kipande cha nyuma ya nyumba waharibu wanavyotaka. Hakuna anayewafukuza na hakuna anayewasifu sana. Kipande cha nyuma kinabaki na mikono yao midogo mpaka mvua ije.

Maana mvua inakuja. Mwezi wa kumi, wa kumi na moja, mbingu zinafunguka, na mpaka mwezi wa nne maua yale yamekwisha kushuka ardhini. Tulimwuliza mama mmoja mzee kama haimchoshi. Alitutazama kama watu waliouliza kwa nini tunapika tena jioni na tulikwisha kula mchana.

Nilirudi nikiwaza juu ya saloni za wazazi wetu hapa Lubumbashi. Wale wa umri wangu mnakumbuka. Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za mji zilikuwa na picha ukutani, iliyochorwa kwa mkono juu ya gunia la unga lililopakwa rangi: mambamuntu na nywele zake ndefu na nyoka wake, au ile ya askari akimpiga mfungwa, iliyoitwa "Colonie Belge". Tuliziita ukumbusho. Wachoraji walizibeba kwapani mtaa kwa mtaa, na mtu wa mshahara mdogo aliweza kununua. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia nzima ya nchi yetu katika picha zaidi ya 100, na leo watu wa vyuo vikuu wa Ulaya na Marekani wanazisoma kama kitabu. Zilianzia lakini juu ya kiti cha baba, mbele ya sahani zetu. Leo mahali pale pale kuna saa ya plastiki isiyotembea na maua ya plastiki yenye vumbi. Sisemi ni dhambi, na mimi ninayo. Nasema tu kwamba mji huu haukuwa na kuta tupu zamani, na feza haikuwa nyingi kuliko leo.

Sasa niwaambie ya mulamu wangu, kwa ruhusa yake. Nyumba yao iko mwaka wa tisa bila lipu. Bwana yake aliijenga tofali kwa tofali, mara nyingine akibeba matofali kumi tu kwa juma. Binti yao mkubwa amemaliza sekondari mwaka huu, na alipaswa kwenda Likasi kwa shangazi yake kuendelea na masomo. Jioni moja, tukiwa tunamenya mihogo, binti akasema bila hasira yoyote kwamba hajawahi kumwalika rafiki wa darasa nyumbani, hata mara moja. "Nyumba yetu haina uso," alisema. Mama yake aliweka kisu chini. Aliyekuwa wa kwanza darasani, miaka yote ile alikuwa anaagana na wenzake kwenye kona ya barabara.

Nilipotaja udongo wa Makwacha, bwana yake alikataa. Udongo ni wa kijijini, alisema. Watu watasema tumeshindwa. Msimcheke, wamama. Mtu aliyebeba tofali kwa tofali ana haki ya kuogopa neno hilo, na mjini kwetu linauma. Mulamu hakubishana. Aliomba ukuta mmoja tu, ule wa barza, ulio chini ya manjanja ambapo mvua haifiki sana. Na siku simenti itakapopatikana, udongo utakwanguliwa na lipu itapigwa. Juu ya hilo yule bwana hakusema ndiyo. Aliondoa betri yake ya motokari na mbao zake zilizokuwa zimeegemea pale, akaziweka nyuma ya nyumba, na tukaelewa.

Tulifanya kazi siku nne za mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa. Wale wanaotaka kujaribu, sikilizeni vizuri hapa.

Udongo kwanza. Usichimbe karibu na machimbo, karibu na mahali wanapoyeyusha shaba, wala karibu na vilima vya masazo yake, hata kama rangi ya pale inapendeza macho. Udongo wa mahali pale unaweza kuwa na risasi na madini mengine, na mtoto anayefinyanga leo atajilamba vidole leo. Vilevile msivunje betri ndogo za redio kupata weusi, kama wengine wanavyofanya; makala ya jikoni yanatosha. Na kwa kuwa nimetaja pemba: ni ya ukuta. Mama mwenye mimba anayeitafuna, najua hamu hiyo, lakini aongee na muuguzi wake.

Weka konzi mbili za udongo ndani ya chupa, jaza maji, tikisa, uache mpaka kesho. Mchanga utalala chini, udongo laini utakaa juu yake. Ukiona mchanga ni kidogo sana, udongo huo utapasuka ukikauka, basi ongeza mchanga wa mto. Jaribu kwenye kipande cha ukuta kama sahani moja kwa ukubwa kabla ya kufanya ukuta mzima. Sisi tulijaribu vipande vitatu: cha kwanza kilipasuka kama mguu wa mtu asiyepaka mafuta, cha pili kilimomonyoka, cha tatu kilishika.

Lowesha matofali kwanza, yanywe maji, la sivyo yatanyonya maji ya udongo na kila kitu kitaanguka. Paka tabaka nyembamba, uache ikauke kivulini, kisha nyingine. Rangi ya juu ichujwe kwa kikwembe cha zamani, iwe kama maziwa mazito. Ili isiwabakie watu mgongoni wakiegemea, changanya na uji mwepesi wa unga wa mihogo uliopikwa na kupoa. Pika wa siku hiyo tu. Wa jana unanuka, na mende wanaupenda.

Nani achore nini, hapo ndipo palikuwa na vita. Watoto ni watano. Mvulana wa miaka kumi na mmoja alitaka motokari ya migodi, ile kubwa ya magurudumu mengi. Dada yake alisema gari halipambi nyumba. Mama yao akakata ukuta kwa mstari wa makala, vipande sita, cha sita chake mwenyewe, na hakuna kumpangia mtu kipande chake. Basi barza ile leo ina motokari ya mgodi nyekundu, ina samaki, ina kitu ambacho mwenyewe anasema ni simba. Mulamu alichora mistari ya kikapu cha nkambo yake, aliyokuwa hajaishika tangu utoto, na vidole vyake viliijua kabla yeye hajakumbuka jina lake. Binti mkubwa alichora mlango. Mlango mtupu, mweupe, wenye miguu ya giza chini kama nyumba za Makwacha, na viatu vingi vidogo vimepangwa mbele yake, kama vile wageni wameingia.

Mwezi wa tisa, kabla hajasafiri, wasichana wanne wa darasa lake walikuja kumwaga. Walikaa barzani mpaka giza. Baba alitoka mara mbili, mara ya kwanza kuwasalimu, mara ya pili na taa, ili waone vizuri.

Majirani wamesema, naam. Mmoja alisema ni mambo ya kijijini. Wawili wamekuja kuomba kichujio.

Kikundi chetu kinafikiri kurudi Makwacha kiangazi kijacho, na safari hii tutachukua watoto. Mama atakayetaka kuja aandikishe jina kwa katibu mapema, nauli ya bisi tutagawana, na kila mmoja atachukua kitu cha kuwapa wenyeji kwa muda wao: chumvi, sabuni, sukari. Msifike mikono mitupu kwenye nyumba za watu kama vile ni soko la kutazama.

Kwa mulamu, upepo wa mvua ulirusha maji na kula mkia wa samaki. Mwenye samaki amekwisha kuweka udongo mkavu ndani ya kopo la maziwa, chini ya kitanda, na anauliza kila siku ya posho kama mwezi wa sita umefika.